Mstari wa Bluu Chumbani kwa Mercy

Jua lilikuwa linazama Gaudensia alipotoka dukani kwa Nassib na makopo mawili ya rangi, la kijani kubwa na la bluu dogo. Alikuwa na haraka. Mumewe Fredrick, askari wa wanyamapori kule Sitalike, angerudi nyumbani Kawajense Jumamosi, naye alitaka akute chumba cha binti yao kimekuwa kama vyumba vya kwenye simu: chini bluu, juu kijani laini, na pazia lenye rangi zote mbili. Fundi wa nini? Yeye ni mshonaji. Mstari wake haupindi.

Alipofungua kopo la bluu, akakuta rangi nzito kama uji wa jana. Ilitaka maji, na maji hayakuwepo. Ilikuwa Oktoba, kisima cha mtaa kimebaki tope, na ndoo ya mwisho alikuwa ameipikia.

Yalikuwepo sehemu moja tu.

Nyuma ya mlango wa chumba kilekile kulikuwa na kidumu cha lita tano, shingo imefungwa kitambaa cheusi. Mama mkwe wake, Romana, alikileta kutoka Karema mwezi wa saba, boti ilipozama na Damiano, mdogo wake Fredrick, asionekane. Walimtafuta wiki mbili. Kwa akina Romana, ziwa likikunyima maiti, unachota maji pale alipozamia, na hayo ndiyo unayozika. Kidumu kilikuwa kinasubiri ndugu wakusanyike Desemba, kikazikwe kando ya kaburi la baba yake, hapohapo Kawajense.

"Kisiguswe, Mama Mercy," Romana alisema siku ile, akaondoka.

Gaudensia alikitazama kidumu. Maji ni maji, akajiambia. Kisima kikijaa nitarudishia, nani atajua? Akafungua kitambaa, akaikorogea rangi ya bluu kwenye beseni.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Laiti lingekuwa guu lake mwenyewe.

Alipiga mstari kwa uzi na chaki, inchi kumi na mbili kutoka sakafuni, akapaka. Mercy, wa miaka minne, alikuja kusaidia akakanyaga beseni la bluu kwa miguu yote miwili. Walicheka sana. Mama akamwosha kwa maji yaliyobaki kidumuni. Chumba kilipendeza, tuseme ukweli, na jirani aliyechungulia dirishani aliondoka na wivu wake.

Asubuhi kilinuka shombo.

Gaudensia alidhani ni dagaa wa jirani. Lakini jioni, akitundika pazia, jicho la mshonaji likamwambia kuna kitu hakiko sawa. Akavuta futi yake shingoni, akapima.

Inchi kumi na tatu na nusu.

Akapima pembe zote nne. Mstari ulikuwa umenyooka vilevile, ila umepanda. Akajiambia kwamba alikosea jana. Uongo huo hata yeye haukumwingia; mtu aliyekata suruali za watu miaka tisa hakosei inchi nzima na nusu. Ijumaa jioni mstari ulikuwa kwenye kumi na tano. Akagusa ukuta. Kijani kilikuwa kikavu. Bluu ilikuwa baridi... na mbichi.

Godoro la Mercy lilikuwa inchi kumi na nane kutoka sakafuni.

Akamhamishia mtoto kitandani kwake, akafunga mlango wa chumba kile. Alfajiri mkono wake ukapapasa shuka tupu. Ng'ambo ya ukuta akasikia... chwa... chwa... kama maji yanapogonga ubavu wa boti. Alimkuta Mercy amekaa ukingoni mwa kitanda chake, anachezesha miguu na kuongea peke yake.

"Unaongea na nani, mama?"

"Baba mdogo," mtoto alinong'ona. "Anasema nishuke. Anasema maji siyo marefu."

Mstari ulikuwa kwenye kumi na saba.

Gaudensia alimnyakua, akatoka naye nje, akampigia simu mama mkwe na kukiri yote. Alisubiri kugombezwa. Bora angegombezwa.

"Yale hayakuwa maji, mwanangu," Romana alisema. "Alikuwa Damiano. Umempaka ukutani."

Alifika na basi la mchana, hata salamu hakutaka. Yeye, Gaudensia na Fredrick aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia wakakwangua bluu yote mpaka tofali likaonekana. Wakakusanya unga wote guniani, pamoja na beseni, brashi na kile kidumu. Jioni ileile vikazikwa kando ya kaburi la baba yake Damiano, katekista akasali. Romana alimgeukia mkwewe.

"Hakuna palipobaki? Kila alipo Damiano lazima pazikwe, la sivyo atarudi kujifuata."

Gaudensia akaapa hakuna. Aliapa kwa moyo safi.

Shombo lilikwisha. Usiku huo, wote walilala usingizi wa watu waliochoka.

Jumapili jioni, Romana amesharudi Karema na Fredrick amesharudi kazini, Gaudensia alikuwa anamwogesha Mercy uani. Juu kidogo ya vifundo vya miguu aliona mstari wa bluu, mwembamba, umenyooka kama uliopigwa kwa uzi. Akausugua kwa sabuni, kwa mafuta ya taa, kwa jiwe, mpaka mtoto akalia. Haukutoka. Chini yake ngozi ilikuwa baridi... na mbichi.

Akamvalisha soksi. Hakumpigia simu Romana, wala Fredrick. Ukuta unakwanguliwa. Na jibu la Romana alikuwa analijua tayari: kila alipo Damiano lazima pazikwe.

Leo ni Jumatano. Gaudensia amekaa barazani, futi shingoni, mtoto amelala mapajani mwake, anatabasamu usingizini. Tangu asubuhi anaogopa kulipandisha gauni la mwanawe. Sasa amelipandisha.

Magotini.