Nyuki wa Sauda

Nyuki walilishukia ghala la pamba kabla mlinzi hajamaliza kupiga yowe. Walikuwa nyuki wa chuma, wadogo kama ngumi, wakiunusa moshi bila kuelekezwa na kuunyima moto hewa mpaka ufe. Mhandisi Sauda Mgaza, aliyewabuni, aliwaonyesha wageni wake kwenye kiwambo.

"Babu zetu walipokezana ndoo," alisema. "Zikaja pampu za mkono, kisha magari mekundu ya ving'ora, nayo yakakwama kwenye foleni. Sasa hatumngoji mtu."

Majivuno alikuwa nayo, tusimfichie. Mara simu ikalia. Ni Mbaruku, mdogo wake.

"Dada, nyumba ya shangazi Mwanahawa inaungua! Nyuki wako wanazunguka tu juu!"

Sauda alikimbilia gari; sababu aliijua. Kwenye harusi ya Mbaruku, nyuki walizima kuni za pilau mbele ya wakwe, na wakwe wakacheka mpaka wakafuta machozi. Sauda hakuweza kuvumilia. Aliwafundisha nyuki kwamba moshi wa uani, wanawake wengi na kelele za sufuria ni shughuli, si moto, wazunguke, wasiguse. Hakukumbuka kwamba nyumba ikiungua mchana, watakaojaa uani ni wanawake hao hao, wakigonga sufuria kuita majirani.

Alitoa amri akiwa njiani, nyuki wakashuka, moto ukafa. Lakini majirani walikuwa wameshamtoa shangazi wenyewe, kwa ndoo na khanga zilizoloweshwa. Alilazwa mkekani, mikono imebabuka hadi viwikoni.

"Mitambo haina akili," jirani mmoja alisema.

Sauda angeweza kunyamaza.

"Si mitambo," alisema. "Mimi ndiye niliyewakataza wasishuke. Niliogopa kuchekwa."

Mbaruku aligeuza uso. Sauda akapiga magoti kando ya mkeka.

"Nisamehe, shangazi. Lakini mbona hukutoka? Mlango si ulikuwa wazi?"

"Nilishatoka, mwanangu," shangazi alisema taratibu. "Nikatazama juu, nikawaona nyuki wako. Nikasema, alhamdulillahi, Sauda ameshafika. Basi nikarudi ndani kuchukua cherehani."