Kitabu cha Mama Hope

Skolastika anaishi Sombetini, Arusha, na mumewe Godwin na binti yao Hope, mwenye miaka minne. Asubuhi anakaanga maandazi ya kuuza. Mchana anafua, anapika, anamlaza mtoto. Jioni, siku tatu kwa wiki, anakwenda darasa la watu wazima. Darasani kuna kitabu kimoja cha hadithi kwa watu sita. Mmoja anasoma, watano wanachungulia.

Akipata nafasi, anafungua simu. Yumo katika kundi la mtandaoni linaloitwa Sebule ya Tamthilia. Humo watu wanazungumza juu ya michezo ya runinga. Wanacheka, wanabishana, wanamsema mama mkwe wa kwenye mchezo. Kila mwezi viongozi wa kundi wanatoa vitabu bure kwa wanachama watano walioandika maoni mazuri.

Mwezi wa sita Skolastika aliandika: "Huyu mama mkwe si mbaya. Anaogopa kubaki peke yake." Akashinda.

"Godwin! Nimepata kitabu!"

"Cha nani?"

"Changu! Changu mwenyewe!"

Hakuwahi kuwa na kitabu chake mwenyewe.

Kitabu kilitumwa kwa basi kutoka Dar es Salaam. Lilian, kiongozi wa kundi, alimtumia picha ya risiti. Jumatano Skolastika akaenda ofisi ya mizigo. Karani aliitwa Solomoni.

"Kitambulisho, dada."

Skolastika akampa kadi ya mpiga kura. Solomoni akaitazama kadi, akautazama mzigo.

"Mzigo umeandikwa Mama Hope, Arusha. Kadi inasema Skolastika Dismasi Massawe."

"Ndiyo mimi huyo huyo! Mtaa mzima wananiita Mama Hope. Hata kwenye kundi nilijiandikisha hivyo."

"Mama Hope wako wangapi Arusha hii? Mwezi uliopita nilimpa mzigo Mama Princess. Kesho yake akaja Mama Princess mwingine, ambaye ndiye mwenye mzigo. Alinisema hapa mpaka nikatamani kuingia chini ya meza."

"Namba ya simu haipo?"

"Haikuandikwa. Na Jumamosi jioni mzigo usiochukuliwa unarudi Dar."

Skolastika aliijua sheria ya kundi. Kitabu kikirudi, anapewa mwanachama mwingine.

Nyumbani Godwin alicheka. "Mpeleke Hope. Yeye ndiye kitambulisho chako."

Alikuwa anatania tu. Lakini Alhamisi Skolastika alimchana Hope nywele, akamvalisha gauni la kanisani, akaenda naye.

"Shikamoo," Hope alisema.

"Marahaba. Unaitwa nani?"

"Hope."

"Na mama yako anaitwa nani?"

"Mama Hope."

Wanawake waliokuwa wakisubiri walicheka.

"Jina lake lingine?" Solomoni aliuliza.

Hope akafikiri. "Mama."

Solomoni naye alicheka, lakini mzigo hakutoa. "Mtoto hajasema uongo. Ila nikitoa mzigo naandika namba ya kitambulisho. Huyu hana namba."

Skolastika alirudi akiwa karibu kulia. Mlangoni alimkuta jirani yake Magdalena, ambaye mtaani wanamwita Mama Derick. Magdalena anauza vitenge. Kila wiki anapokea mizigo ya basi.

"Shikamoo, Mama Derick."

"Marahaba. Mbona uso umekuwa hivyo?"

Skolastika alimweleza yote. Kisha akasema, "Sasa naweka picha ya risiti kwenye kundi. Watu elfu nne hawawezi kukosa mmoja wa kunisaidia."

"Weka simu chini kwanza! Hao elfu nne unawajua? Mwingine ataichukua hiyo risiti akajiite Mama Hope. Mwingine atakwambia, nipe namba yako ya siri nikusaidie. Kupewa kitabu kunahitaji namba ya siri?"

"Hapana."

"Basi usimpe mtu. Aliyetuma mzigo ndiye anayeweza kubadilisha jina. Mwandikie Lilian peke yake, kwa namba ileile aliyokutumia risiti. Mpe majina kama yalivyo kwenye kadi, yote matatu, na namba yako ya simu. Yeye atakwenda ofisi ya basi ya huko Dar. Wao watawaambia wa huku."

Skolastika alisita. "Skolastika ni jina la shule. Kwenye kundi hawanijui hivyo."

"Kwenye kundi endelea kuwa Mama Hope, nani kakukataza? Mimi mizigo yangu inaandikwa Magdalena Efraimu Pallangyo. Ingeandikwa Mama Derick, vitenge visingenifikia, ningekuwa nauza maji."

Skolastika aliandika ujumbe pale pale mlangoni. Magdalena aliusoma, herufi kwa herufi, akiufananisha na kadi.

Ijumaa mchana Lilian alijibu: "Tayari. Pole sana, dada. Kosa letu pia, tulipaswa kukuuliza."

Jumamosi asubuhi ofisi ya mizigo ilijaa watu. Solomoni aliita, "Skolastika Dismasi Massawe!"

Skolastika alibaki amekaa, akingoja kuona nani atasimama.

"Mama Hope! Si wewe?"

Akaruka. Akaonyesha kadi. Akaandika jina lake kwenye daftari la Solomoni, polepole, lote. Kitabu alikifungua hapo hapo nje ya ofisi, akasoma kurasa mbili amesimama juani.

Jumatatu aliwaeleza wenzake darasani. Wanne kati yao walikuwa kwenye Sebule ya Tamthilia. Wote wamejiandikisha kwa majina ya watoto.

"Haya, Mama Abdiel, kwenye kadi unaitwa nani?" Skolastika alimuuliza mmoja wao.

"Nalepo."

"Nalepo! Miaka miwili tunakaa benchi moja!"

"Hukuniuliza."

Jioni ile wote wanne walimtumia Lilian majina yao kamili na namba za simu. Mwezi wa nane Nalepo alishinda. Mzigo ulifika Jumanne. Jumanne hiyo hiyo, saa sita mchana, alikuwa ameshauchukua.