Magauni Mawili Chini ya Godoro

Kila alasiri Kitinda alipotoka shule, kazi yake ilikuwa ileile: kuvua sare, kunawa miguu, kisha kukaa kwenye kigoda kando ya cherehani ya mama yake na kushona vifungo. Walimwita Kitinda kwa sababu ndiye aliyefunga uzazi. Dada yake, aliyemzidi miaka kumi na miwili, alikuwa ameolewa na dereva wa malori na kuhamia nchi nyingine, mwendo wa siku mbili kwa basi.

Muhula huo mama alikuwa amezidiwa na kazi. Sare za wanafunzi zilijaa hadi juu ya kabati. Kila baada ya mashati matatu alisimama, akajishika kiuno na kusema, "Mgongo huu si wangu tena, nimeazima tu." Hata hivyo, habari zilipofika kwamba dada angejifungua kwa upasuaji, na mumewe yuko safarini, mama aliiba muda hapa na pale akamshonea Kitinda magauni mawili marefu, yenye mikono.

"Nimempigia dada yako nikamwuliza," alisema. "Huko hakuna anayeingia ofisini wala hospitalini magoti na mabega yakiwa wazi, awe mwanamume au mwanamke. Ndivyo walivyozoea. Yatie kwenye begi lako."

Kitinda aliyatazama, akaona mapazia yenye vifungo. Rafiki yake wa jirani alikuwa amemwazima kaptula mbili na blauzi zisizo na mikono. "Ukienda nje ya nchi lazima ung'ae," alimwambia. Basi Kitinda akajaza zile nguo kwenye begi, na magauni akayasukuma chini ya godoro.

"Umeshapanga?" mama aliuliza, macho yakiwa kwenye sindano.

"Nimeshapanga, mama."

Mama hakukagua. Hakuwa na nguvu za kukagua.

Siku ya pili ya safari, basi lilikohoa mara mbili, likazima. Abiria walikaa kando ya barabara tangu alfajiri hadi adhuhuri, jua likiwachoma. Mama alikuwa na uso wa vumbi na miguu iliyovimba. Mwishowe lilikuja basi dogo, na kondakta akatangaza kwamba kila familia ichukue begi moja tu. Mengine yangeletwa kesho.

Mama aliyaangalia mabegi yao mawili. Lake lilikuwa na nguo zake zote pamoja na mtandio.

"Tuchukue lako," aliamua. "Mimi hivi nilivyo nimejisitiri. Wewe ndiye utakayebadilisha hiyo kaptula yako ya nyumbani na blauzi ya mabega wazi tukifika."

Kitinda alifungua mdomo. Kisha akaufunga, akalipandisha begi lake kwenye basi dogo. Begi la mama likabaki.

Walifika hospitalini saa kumi na robo. Muda wa kuona wagonjwa ulikuwa saa kumi hadi saa kumi na moja. Langoni alisimama mlinzi mrefu mwenye Kiswahili cha kuokoteza. Alimsalimia mama kwa heshima, kisha akamwonyesha Kitinda kwa kidole.

"Goti hapana. Bega hapana," alisema. "Mama pita. Mtoto hapana."

"Ana magauni, baba. Dakika moja tu," mama alijibu, akapiga magoti na kufungua begi.

Akatoa kaptula. Akatoa blauzi, na nyingine, na kaptula ya pili. Mkono wake ukapapasa hadi chini kabisa, ukakutana na miswaki na kitana.

"Kitinda, magauni yako wapi?"

"Yako... yako nyumbani, mama. Chini ya godoro."

Kitinda alisubiri kofi, au hata kelele. Mama aliirudisha kaptula moja baada ya nyingine, akafunga zipu, akaenda kuketi kwenye benchi nje ya lango. Alionekana kama mtu aliyebeba gunia siku nzima, halafu akaambiwa alirudishe lilikotoka.

"Nenda, mama. Mimi nitakusubiri hapa," Kitinda alisema huku machozi yakimlenga.

"Nikuache hapa? Hujui hata kuomba maji kwa lugha yao."

Wakakaa. Watu walipita na vikapu vya chakula, wakaingia. Kupitia lango waliona jengo la wazazi, lenye madirisha ya bluu. Saa ya ukutani pale langoni ikakaribia kumi na moja kasorobo.

Hapo akapita dobi wa hospitali, mwanamke mnene aliyesukuma mkokoteni wa mashuka masafi. Kitinda hakuijua lugha yake. Aliinuka tu, akamkimbilia, akagusa shuka moja, akajionyesha magoti na mabega, kisha akamwonyesha mama yake pale benchini. Dobi alimtazama mama kwa muda mrefu, ile miguu iliyovimba hasa. Akasema jambo na mlinzi, akachomoa shuka na kumviringisha Kitinda kuanzia shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu, akalifunga fundo begani.

Mlinzi alikagua. "Sasa sawa," alisema, akijizuia kucheka.

Walimkuta dada kitandani, ameegemea ukuta, na kichanga kando yake. Alipomwona mama, alilia bila sauti. Alipomwona Kitinda, mwenye muhuri wa hospitali kifuani, alicheka mpaka akashika mshono wake. "Usinichekeshe, we mtoto, nitafumuka!"

Mama alimshika mkono, akamwosha uso, akamtazama mjukuu. Dakika kumi na tano tu, kengele ikalia.

Jioni ile, nyumbani kwa dada, mama alitoa kabatini gauni moja la dada ili alipunguze urefu. Aliinama, akaguna kwa maumivu.

"Lete, mama. Nitapiga pindo mwenyewe," Kitinda alisema. "Na unisamehe. Nilikuwa na nafasi ya kusema pale basi lilipoharibika, nikanyamaza."

Mama alimwachia sindano, akanyoosha miguu yake mkekani.

"Nimekusamehe. Lakini nisikilize, maana leo sina nguvu za kusema mara mbili. Nyumbani kwako, vaa upendavyo. Ukienda kwa watu, uliza wanavyovaa, kisha ufuate, kwa sababu wewe ndiye mgeni. Hakuna aliyekuambia nguo zako ni mbaya. Zimekosa mahali tu. Na ukikosea, sema mapema. Ungesema kule barabarani, tungechukua begi langu, na kaptula ingetupotezea dakika moja tu ya kukufunga mtandio. Kunyamaza kwako kumemnyima dada yako nusu saa ya mama yake."

Kitinda alitunga uzi kwenye sindano. Akaanza kushona.

Kesho yake walifika langoni saa kumi kasorobo, wa kwanza kabisa, Kitinda akiwa na shuka lililofuliwa na kukunjwa mkononi. Mlinzi alimwangalia toka mabegani hadi kwenye pindo lenye mishono ya kwenda upande, akafungua lango.

"Karibu," alisema.

Siku hiyo mama alikaa na binti yake saa nzima.