Jemadari Aliyekataa Kupiga Magoti

Karatasi ya kwanza ilipobanduliwa kwenye ubao wa kuchapia, jemadari alikuwa amesimama wima.

Otsune, mchapaji wa picha, aliitazama, kisha akautazama ubao. Mdogo wake Kihachi, fundi wa kuchonga, alikuwa amemchonga Jemadari Kurosada akiwa amepiga magoti, kafungwa kamba na wanawake wa kijiji alichokitia moto. Ndiyo habari ya kale inayokumbukwa kila sikukuu ya kiangazi, na kesho yake picha zilitakiwa hekaluni.

"Umeubadilisha ubao?"

"Sijaugusa, dada."

Otsune akapaka wino tena, akalaza karatasi, akasugua. Safari hii kamba hazikuwapo, na wale wanawake hawakuwa na nyuso. Karakana ikanuka nywele zilizoungua. Nje jua lilikuwa linawaka na ngoma za mazoezi zinalia, lakini humo ndani kwato za farasi zilisikika zikizunguka juu ya mikeka, taratibu, zikamkaribia Kihachi, zikasimama nyuma yake, na mkono wake ukainuka wenyewe na patasi, ukaelekeza ncha kooni mwake, huku macho yakimwomba dada yake msaada na midomo ikitoa sauti nzito isiyokuwa yake.

"Nichore juu ya farasi, mwanamke. Ama huyu namchukua."

Otsune akachukua karatasi nyingine, akailaza ubaoni, akaanza kusugua.

"Bibi yake bibi yangu ndiye aliyeshika ncha ya kamba ile," alisema kwa sauti ya chini. "Ulimlilia akuachie. Jemadari mzima. Hilo mbona hulisemi?"

"Nyamaza."

"Ukimuua ndugu yangu, na machozi yako nitayachora."

Damu ikachuruzika shingoni mwa Kihachi. Otsune hakuacha kusugua. Kiganja kikamchubuka, naye akaegemeza uzito wake wote, akisugua magoti, akisugua kamba, akiwataja wanawake wale mmoja mmoja kama wanavyotajwa sikukuuni, mpaka kitu chini ya karatasi kikakunjika, kikaalika kama mfupa.

Patasi ikaanguka.

Akabandua. Jemadari alikuwa chini, kichwa kimeinama.

"Ameondoka?" Kihachi alinong'ona, amejishika shingo.

Nje ya mlango farasi akakoroma.

Otsune akajifuta mikono, akaenda, akaufungua mlango wazi kabisa.

"Karibu," alisema. "Leo nachapa mpaka jioni, na kila karatasi utapiga magoti."