Waliolala Nje ya Ukuta

Marehemu alikuwa amelazwa. Hilo Inspekta aliliona kabla hata ya kuonyeshwa damu. Mtu aliyeanguka hanyooshi miguu namna ile, wala hakutanishi viganja juu ya kifua chake mwenyewe.

Maiti ilikuwa chali kwenye nyasi zilizolowa, nje ya ukuta wa makaburi ya zamani ya Wakatoliki, karibu na msalaba wa chuma uliosimama peke yake. Macho yalikuwa yamefumbwa. Kisogo kilikuwa kimepasuka, na damu ilikuwa imeganda kwenye kona ya jiwe la ukuta. Kamera ilikuwa bado shingoni, simu mfukoni, futikamba kiunoni.

"Mwizi hakupita hapa, afande," alisema koplo.

"Au alipita mwizi mwenye adabu zake."

Inspekta alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye tabia ya kumtazama mtu kupita kiasi cha heshima. Mama mkwe wake alilalamika siku zote kwamba mkaza mwanawe hata akikusalimia, ni kama anachukua maelezo. Inspekta hakujali. Aliamini kuwa kikulacho ki nguoni mwako, na kazi ilikuwa haijampa sababu ya kubadili imani hiyo.

Alichutama. Pembeni mwa maiti, kwenye tope, palikuwa na mashimo mawili ya duara yaliyojaa maji ya mvua.

"Piga picha hapa."

"Ni nini?"

"Magoti. Mtu ameua, halafu akapiga magoti."

Koplo aliinua kamera yake.

Marehemu alikuwa afisa wa mambo ya kale. Alitumwa kuamua makaburi yale yahifadhiwe kwa kiasi gani, maana barabara ya mbele ilikuwa inapanuliwa. Ndani ya ukuta hapakuwa na ubishi. Huko walilala mapadri wa mwanzo wa misheni, watawa waliouawa na homa kabla hawajajifunza kusalimia, na waumini wa kwanza kubatizwa. Mawe yao yalikuwa na maandishi ya Kilatini yaliyokwisha kuliwa na kuvu. Ugomvi ulikuwa juu ya kipande cha nje. Barabara ilikitaka, na juu yake hapakuwa na kitu ila majani na ule msalaba mmoja.

Mtu wa kwanza kuhojiwa alikuwa mkandarasi wa barabara, ambaye mji mzima ulimwita Lami. Ofisi yake ilikuwa kontena lenye feni inayopiga kelele bila kuleta upepo.

"Jana uligombana na marehemu."

"Mimi nagombana na kila mtu, mama. Ndiyo kazi yenyewe."

"Kuhusu nini?"

"Ule msalaba! Nilipita pale na mpimaji kabla ya masika, nje ya ukuta hapana kitu. Narudi, nakuta kaburi la padri. Padri gani huyo anaota kama uyoga?"

"Ulimwambia hivyo?"

"Nilimwambia. Akacheka. Akasema, 'Hata mimi nimeliona hilo.'"

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Greda liliharibika. Waulize vijana, walinisikia nikilitukana."

"Suruali uliyovaa jana iko wapi?"

"Imefuliwa."

"Upesi hivyo?"

"Nina mke anayenipenda."

Inspekta alimtazama mpaka Lami akajifanya kurekebisha feni. Mafundi walithibitisha matusi, tena kwa furaha, lakini wanaokula kwa mkono wa mtu hawakosi kumtetea. Inspekta hakumfuta katika hesabu zake.

Mchana daktari wa uchunguzi wa maiti alipiga simu. Fuvu lilipasuka kwa kugonga jiwe, alisema. Kifuani palikuwa na michubuko miwili, mipana kama viganja.

"Alipigwa?"

"Alisukumwa. Mara moja tu, na kwa nguvu. Aliyemsukuma hakuja na silaha."

Paroko aliwapokea ofisini mwake, mezani kikombe cha chai iliyopoa. Alikuwa kijana kwa padri mwenye cheo kile, na alijibu kila swali kana kwamba lilikuwa na mwiba.

"Baba Paroko, msalaba ule ni wa nani?"

"Wa padri mmoja wa mwanzo. Jina lake liko kwenye bati."

"Amezikwa pale?"

"Mwalimu wetu anasema ndivyo."

"Mwalimu?"

"Katekista. Watu wote wanamwita Mwalimu. Mimi hapa bado mgeni, yeye amezaliwa kwenye kivuli cha kanisa hili."

"Nje ya ukuta walizikwa watu gani?"

Paroko alisogeza kikombe.

"Zamani ule ukuta ulikuwa mpaka. Ndani ni ardhi iliyobarikiwa. Nje waliwekwa watoto waliokufa kabla ya ubatizo. Na waliojiua. Bila msalaba, bila sala. Kanisa lilikwisha kuyaacha mambo hayo, mama."

"Sasa padri alifuata nini huko?"

"Marehemu naye aliniuliza hivyo hivyo."

"Ukamjibu nini?"

"Kwamba sijui. Na kweli sijui."

Inspekta hakuinuka. Kuna jambo lilikuwa linamkereketa tangu asubuhi.

"Makaburi karibu yote pale yanatazama upande mmoja. Huo msalaba wa nje umegeuzwa. Na ndani nimeona safu moja tu iliyogeuzwa vile."

"Hiyo ni safu ya mapadri," alisema Paroko. "Muumini alilazwa atazame mashariki, kunakochomoza jua. Padri aligeuzwa awatazame watu wake, kama anapowaongoza kanisani. Ni desturi ya kale. Siku hizi hata mafundi wa makaburi hawaijui."

"Basi Lami hawezi kuijua."

"Lami hajui hata Baba Yetu."

"Hapa parokiani nani anaijua?"

"Mimi." Kisha akaongeza kwa shida, "Na Mwalimu."

"Jana jioni ulikuwa wapi, Baba?"

"Mnanishuku mimi?"

"Namshuku kila mtu. Usione ni wewe tu."

"Nilikuwa naungamisha. Mpaka giza linaingia."

"Una mashahidi?"

"Foleni nzima. Ila kila mmoja alikuwa na yake ya kuficha."

Koplo alikwenda kuwauliza wale wa foleni. Wote walikiri kumwona Paroko, na hakuna aliyetaka kueleza walichozungumza. Akabaki mmoja.

Walimkuta katekista katika sakristia akikunja vitambaa vya altare. Alikuwa mzee mrefu, mwenye mikono mikubwa ya mtu aliyewahi kulima, na mikunjo yake ilikuwa imenyooka kuliko ya dobi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Poleni na kazi hii mbaya."

"Tumeshapoa. Yule padri wa nje ya ukuta, una hakika yupo?"

"Nina hakika."

"Alizikwaje nje?"

"Kulikuwa na homa. Walizika kwa haraka."

"Uliona?"

"Nilisimuliwa."

"Na nani?"

"Na baba yangu."

"Na baba yako amezikwa wapi?"

Mkono wa mzee ulisimama. Kisha alikikunjua kitambaa alichokuwa amekwisha kukunja, akaanza upya.

"Mbali," alisema.

Inspekta alitoka nje akiwa hana raha. Mtu aliyezika nusu ya mji, ambaye watoto waliacha mpira wakakimbilia kumpokea mfuko, anasema kaburi la baba yake liko mbali! Alitamani awe amekosea, na hilo halikuwa kawaida yake.

Siku iliyofuata aliwaita wote watatu makaburini. Koplo alisimama kando ya msalaba na jembe begani. Kibali cha mahakama cha kufukua kilikuwa hakijaombwa, ila hapakuwa na haja ya mtu mwingine kulijua hilo.

"Tunachimba," alisema Inspekta. "Kama padri yupo, mifupa itasema. Kama hayupo, tutajua msalaba umepandwa."

Koplo alikwangua kwanza shina la msalaba kwa kiatu. Tope lilibanduka, na chini yake ikatokea saruji mpya, ya kijivu, isiyo na hata ufa.

"Nilisema!" Lami alidakia. "Sikusema?"

"Nyamaza, Lami."

Paroko alimgeukia katekista. Katekista hakumwona. Macho yake yalikuwa kwenye jembe. Koplo alilishusha begani, akalishika vizuri, akaliinua.

"Msimchimbe."

Sauti ilikuwa ndogo. Koplo alibaki na jembe hewani.

"Padri?" aliuliza Inspekta.

"Msimchimbe, nawaombeni. Alikwisha kuteswa vya kutosha."

"Nani, Mwalimu?"

Mzee alisogea akasimama kati ya jembe na ardhi.

"Baba yangu."

Inspekta alimpa onyo la kisheria, kwamba halazimiki kusema neno, na kwamba atakalosema litaandikwa. Alilitamka polepole kuliko siku zote. Katekista alitikisa kichwa kama mtu anayeambiwa habari ya mvua.

"Alikuwa mpiga kengele wa misheni," alisema. "Kikombe cha misa kikapotea, wakasema kaiba yeye. Hakuiba. Lakini watu waliacha kumwitikia salamu, hata ndugu zake. Akajinyonga. Nilikuwa mdogo, nilimshika mama mkono. Walimleta hapa juu ya mkokoteni, wakamfukia, wakaenda zao. Mama alitaka kupanda walau ua, wakamkataza."

"Na kikombe?"

"Kilionekana baadaye nyuma ya kabati. Hakuna aliyekuja kutuambia pole."

Paroko aliinamisha kichwa.

"Watu wa mji huu nimewafundisha sala, wao na watoto wao," katekista aliendelea. "Nimewazika kwa nyimbo. Baba yangu sijamwombea hata mara moja kwa sauti. Waliojua wamekwisha kufa. Waliobaki ningewaambia nini? Mwalimu wa dini, mtoto wa aliyejinyonga? Barabara ilipokuja nikajua hakuna atakayesimamisha greda kwa ajili yake. Kwa ajili ya padri, watasimamisha."

"Msalaba uliutoa wapi?"

"Stoo ya sakristia. Padri mwenyewe alikwisha kuhamishiwa ndani ya kanisa zamani, ukabaki msalaba wake."

"Ungeusimamisha kama mingine, nisingeuangalia mara ya pili."

"Ni msalaba wa padri, binti yangu. Hata katika uongo sikuthubutu kumgeuza vibaya."

"Na marehemu?"

Mzee alitazama viganja vyake.

"Alinileta hapa jioni, akanionyesha saruji. Hakunikemea. Alisema, 'Mwalimu, huu msalaba lazima utoke.' Akawa anataka kunieleza sababu. Mimi nilikwisha kusikia la kunitosha, nikaona greda linapita juu ya baba yangu. Nilimsukuma ili anyamaze. Akateleza. Wallahi, nilitaka anyamaze tu... Mungu anisamehe, hata kiapo sijui tena nakiapaje. Nikamlaza vizuri, nikamsomea sala zote. Zile ambazo baba hakusomewa."

Inspekta alimhurumia, na hakuona aibu kumhurumia. Akamfunga pingu kwa mbele, akamshika kiwiko wasije wakateleza wote wawili kwenye tope. Lami alivua kofia. Hakusema kitu njia nzima, jambo ambalo mafundi wake hawakuliamini waliposimuliwa.

Mke wa marehemu alifika kituoni kuchukua vitu vya mumewe. Alivaa nguo nyeusi ambayo bado ilikuwa na mikunjo ya dukani. Inspekta alimpa pole, akamkabidhi kamera na simu.

"Alinipigia siku ile mchana," alisema mjane. "Alikuwa na furaha, hata nikamtania kwamba amepata mke mwingine huko."

"Furaha ya nini, mama?"

"Ya hao wa nje. Alisema mapadri wana makaburi kila mahali, lakini waliofukuzwa mlangoni nani anawatunza? Alitaka wahifadhiwe wao kwanza, na ukuta uliowatenga ubaki ili watu waone. Mkubwa wake alikwisha kukubali. Barabara itapinda."

Inspekta alimsogelea.

"Na msalaba? Alikutajia msalaba?"

"Eh. Alisema kuna mtu kaweka wa uongo. Alitaka utolewe kimya kimya, mwenye kuuweka asiaibike. Maana wakigundua ni wa uongo, watasema na hao wengine ni hadithi tu, na barabara itapita." Alifunga kamera ndani ya kanga. "Huyo mtu aliyemuua, alikuwa na ugomvi naye?"

"Hapana, mama," alisema Inspekta. "Hawakuwa na ugomvi wowote."

Alipomsindikiza mjane hadi nje, alirudi akasimama kwenye mlango wa mahabusu. Katekista aliinua kichwa.

"Binti yangu, nikuulize. Ule upande wa nje. Greda limepita?"

"Halitapita. Barabara itapinda."

Uso wa mzee ulifunguka, na kwa muda mfupi akawa si mtuhumiwa wa kitu chochote.

"Kumbe msalaba ulisaidia," alisema.

Inspekta angeweza kunyamaza. Nani angemlaumu? Lakini kulikuwa na mtu mwingine katika habari hii, naye hakuwa na mdomo tena wa kujisemea.

"Msalaba tumeung'oa, Mwalimu. Aliyewaokoa ni marehemu. Alitaka utoke ili wote wapone, pamoja na baba yako."

Katekista alimtazama bila kupepesa.

"Ndiyo sababu aliyotaka kunieleza?"

"Ndiyo hiyo."

"Jioni ile?"

"Jioni ile, Mwalimu."

Mzee alikaa chini polepole, akishika ukuta. Huko nje askari wa zamu walikuwa wakicheka jambo lao, na Inspekta akatamani wanyamaze.

"Ningemwacha amalize," alisema katekista. "Maneno mawili tu. Ningemwacha amalize."