Mbuzi Aliyemeza Ugali wa Chuo

Mama Zabroni alifuga mbuzi kijijini, si mbali na Lupaso. Kila asubuhi aliwafungulia, kisha akafagia chini ya mikorosho ili korosho zikidondoka zionekane. Jirani na shamba lake palikuwa na chuo kidogo cha ufundi. Nyuma ya chuo kulikuwa na shimo la taka. Mbuzi walipenda kupita huko.

Wiki moja mbuzi mwenye mimba alikataa kula. Tumbo lilivimba. Baada ya siku chache alikufa, kama wenzake wawili waliomtangulia.

"Tumelogwa," alisema Baba Zabroni.

"Nani akuloge wewe, una nini?" mkewe alimjibu. "Mwite Dada Ethel."

Ethel alikuwa afisa mifugo wa kata. Alifika kwa pikipiki, akavaa glavu, akapasua tumbo la mbuzi. Ndani alikuta donge kubwa. Alilivuta nje. Lilikuwa donge la mifuko ya nailoni, na mingi ilikuwa bado imefungwa mafundo.

"Mama, mchawi wenu huyu hapa," alisema. "Mbuzi ananusa ugali ulio ndani. Fundo hawezi kulifungua, basi anameza vyote. Nailoni haisagiki. Inaziba tumbo mpaka anakufa."

Mama Zabroni alilitia donge lile kwenye beseni, akaondoka nalo kuelekea chuoni. Hakubadilisha hata khanga. Ethel alimfuata mbio.

Huko walimkuta mkuu wa chuo, Mwalimu Nathanaeli, akipima ardhi kwa kamba. Shimo la kwanza lilikuwa limejaa. La pili lingechimbwa kando ya zizi la Mama Zabroni.

Mama Zabroni alilitua beseni miguuni pa Mwalimu.

"Mama Zabroni, hata salamu hakuna?"

"Salamu za nini? Tazama! Haya yametoka tumboni mwa mbuzi wangu!"

Mwalimu aliziba pua. "Lakini sisi ni wasafi, Mama. Mimi mwenyewe niliagiza kila mwanafunzi afunge makombo yake kwenye nailoni, apige fundo, inzi wasiingie."

"Inzi hawaingii, kweli! Wanaoingia kaburini ni mbuzi wangu! Na sasa mnachimba kaburi lingine mlangoni pangu? Chimba basi. Mimi nitalala humo humo, mnimwagie makombo!"

Wanafunzi walicheka. Mmoja wao, Kelvin, alisema, "Si uwafunge mbuzi wako, Mama?"

Mama Zabroni alimgeukia. "Niwafunge mimi, ili wewe utupe ugali? Kwenu hamjawahi kuchimba ming'oko, vile viazi vya porini, kwa njaa? Kamuulize bibi yako ladha yake, halafu urudi ucheke."

Kicheko kikaisha.

"Mwalimu," alisema Ethel, "tumwage ndoo moja ya taka hapa tuone."

Waliimwaga, wakaichambua. Sehemu kubwa ilikuwa ugali, maganda ya muhogo na majani. Chupa za maji zilikuwa rundo dogo. Nailoni zilitosha kiganjani.

Mwalimu alikuna kichwa. "Kumbe tunachimba shimo la kuzika chakula?"

"Na mnakizika pamoja na sumu," alisema Ethel. "Makombo msiyafunge. Yamwageni kwenye ndoo yenye mfuniko, inzi hawataingia. Wapeni kuku kila siku kabla hayajachacha. Maganda na majani yarundikeni pamoja na udongo, yanyunyizieni maji, yageuzeni mara kwa mara. Yatakuwa mboji. Chupa tupu zina wanunuzi Masasi mjini. Na nailoni msizichome, moshi wake unadhuru. Zipunguzeni. Mtu abebe chakula kwenye bakuli."

"Agizo langu ndilo lililoua mbuzi," alisema Mwalimu taratibu. "Nisamehe, Mama Zabroni."

"Samahani haizai mbuzi. Kunja kamba yako kwanza."

Mwalimu akaikunja.

Shimo la pili halikuchimbwa. La kwanza walilifukia na kulizungushia uzio. Bwaloni ziliwekwa ndoo tatu zenye mifuniko, ya makombo, ya chupa na ya nailoni, na mpishi alianza kumuuliza kila mwanafunzi, "Utaumaliza huo?" kabla ya kumwongezea ugali. Ndoo ya nailoni ilichukua wiki nzima kujaa. Mboji ilimwagwa kwenye bustani ya mchicha ya chuo. Lakini hasira ya Mama Zabroni haikuisha. Kila Ijumaa alikuja kufunua ndoo, na aliyechanganya taka alizichambua mbele yake.

Mvua zilipoanza, Mwalimu Nathanaeli alifika kwake akivuta mbuzi jike.

"Ametoka Chiungutwa, Mama. Ni badala ya yule."

Mama Zabroni hakutabasamu. "Alikuwa akila wapi?"

"Porini tu."

Alipiga magoti, akambonyeza mbuzi tumbo, upande huu na upande ule. Alibonyeza polepole, huku Mwalimu akingoja kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani.

"Laini," alisema hatimaye. Akamfungua kamba, akamwacha aende malishoni na wenzake.