Kiatu Chenye Gundi Mbichi

"Hiki kiatu cha nani?"

"Cha mteja, baba. Kaa chini."

"Mteja gani?"

"Baba! Nimesema kaa."

Mzee Soli alikaa, akainuka, akaenda mlangoni, akachungulia barabarani, akarudi. Kiatu chekundu cha kike hakikumtoka mkononi.

"Kuna mtu namsubiri," alisema. "Moyo unanienda mbio. Nani nimemsahau?"

Binti yake wa pekee akageuza uso, akajifanya anafagia vipande vya ngozi.

Asubuhi ile kifafa kilikuwa kimempitia tena. Kilimpata uzeeni, ndevu zimeshakuwa nyeupe, na si kila mara kilimwangusha. Leo alikodoa macho tu, mdomo ukitafuna hewa, kikapita. Shida ni kilichofuata. Miezi mizima ilimtoka kichwani kama maji kwenye chujio. Mikono tu ndiyo haikusahau. Mpe sindano, anashona.

"Yule dobi wa ng'ambo ya barabara," alisema. "Bi Pasi. Hajambo?"

Ufagio ukasimama.

"Wa nini?"

Mzee akaona haya kama kijana. "Basi tu. Hivi... niliwahi kumwambia?"

"Kumwambia nini?"

"Usinitese, mama. Unajua."

Binti akaanza kufagia upya. "Ulimwambia. Mkachumbiana. Akakuacha mwezi uliopita."

"Akaniacha?"

"Alisema hawezi kuishi na mtu wa kuangukaanguka."

"Kwa mdomo wake?"

"Mbele yangu, baba."

Mzee Soli akashuka kwenye kigoda kama gunia lililotobolewa. Lakini hakutulia. Akainuka tena, akakigeuza kiatu juu chini, akakibonyeza. Dole gumba likaganda kwenye soli. Akalibandua, akalinusa.

"Mwanangu, hii gundi ni mbichi."

"Kwa hiyo?"

"Nimeipaka leo. Na tazama hapa ubavuni, nimeipanua ngozi. Mguu wa kushoto wenye nundu hivi, mtaa mzima upo mmoja tu. Pasi ilimwangukia, tangu hapo anavaa kandambili. Sasa kama aliniacha mwezi uliopita, leo nilikuwa nambandikia nani soli?"

Binti alinyoosha mkono kukichukua kiatu. Mfukoni mwake simu ikaanza kulia. Mlio wa simu ya baba yake.

"Lete."

"Baba..."

"Lete simu yangu!"

Alipoipokea tu, sauti ya kike ikampasua sikio.

"Wewe mwanaume una wazimu? Kesho tunafunga ndoa, leo unaniandikia 'Harusi hakuna, usinitafute tena'? Na umejua lini kuandika ujumbe? Wewe si hupiga ukapayuka mpaka majirani wanaitikia?"

"Bi Pasi... mimi na wewe ni nani kwa nani?"

Kisha sauti ikalainika.

"Kimekupitia tena?"

"Kimenipitia."

"Nakuja. Usitoke hapo."

Alikuja na kandambili zake zikipiga lami, jasho la pasi bado usoni. Binti akalipuka kabla hajaulizwa.

"Ndiyo, mimi! Nimeandika mimi! Leo unacheka naye. Siku akikusahau kabisa utabeba mkoba urudi kwako. Mimi nitamwambia nini kila asubuhi akikuulizia?"

"Mwanangu, alishaanguka kwangu. Juu ya mashuka ya wateja. Akanisihi nisikwambie, usije ukakosa usingizi. Nilisogeza pasi mbali, nikamlaza ubavu, nikakaa naye mpaka alipofungua macho akaniuliza mimi ni nani." Bi Pasi akajifuta uso kwa kanga ya kiunoni. "Nimeshaulizwa. Sikukimbia."

Binti akajikalia sakafuni na ufagio wake.

"Mama," Mzee Soli alimwambia binti yake, taratibu, "kichwa changu sasa ni nyumba isiyo na kitasa. Yeyote anaingia, anapanga vyombo atakavyo. Wewe ndiye nilikuachia mlango."

"Nisamehe, baba."

"Nakusamehe. Tena haraka haraka, kabla sijasahau."

Bi Pasi akaangua kicheko, na machozi humo humo.

"Niambie," mzee akamgeukia. "Nilikuchumbiaje?"

"Vibaya! Ulileta shati eti lina mkunjo, kumbe umelikunja mwenyewe."

"Ukanijibu nini?"

"Nivalishe kwanza."

Mzee akapiga goti, magoti yakalalamika. Kiatu kikaingia, nundu ikakaa mahali pake kama yai kwenye kiota.

"Basi jibu ndilo hilo," Bi Pasi alisema. Halafu wakatazamana mpaka binti akaona bora ahesabu misumari.

"Na kesho nikiamka sikujui?"

"Nitazame miguu."

Binti akainuka, akatoa kopo la vidonge mfukoni, akaliweka kwenye kiganja cha Bi Pasi.

"Asubuhi na jioni, mama. Akikwambia kameza, usimwamini. Huvificha kwenye viatu vya wateja."

Kesho yake bwana harusi hakutulia kwenye kiti. Kila mara macho yalimpotea, akakunja uso, akainama kuchungulia chini ya meza. Akiinuka, anatabasamu.

Wageni walidhani kaangusha kitu.